Kilichorithiwa Katika Damu na Kinachopikwa Jikoni

Anapofariki ghafla mwanamume wa miaka arobaini na ushei, aliyeswali Alasiri pamoja na jamaa na kabla ya Isha akawa maiti, mji mzima huuliza swali moja: kapatwa na nini? Hapa Nansio, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa, majibu huja upesi kuliko sanda. Wapo watakaosema karogwa, na jina la mtu litanong'onwa kabla matanga hayajaanuliwa. Wapo watakaosema siku yake ilifika, basi, hapana la kuulizwa. Na wapo wazee wa ukoo watakaokumbuka kimoyomoyo kwamba baba wa marehemu alianguka vivyo hivyo, na ami yake vilevile, lakini watanyamaza, kwa kuwa katika nyumba ile wamo mabinti ambao hawajaposwa.

Jibu la kwanza huzaa fitina na hata damu isiyo na hatia. La pili ni kweli, kwani hakuna afaye kabla ya ajali yake, lakini imani hiyo haikuja kutuzuia kutafuta sababu. Kutawakali si kuziacha sababu. Jibu la tatu, lile la kunyamaza, ndilo linalotugharimu zaidi, kwa sababu ndani yake mna sehemu ya ukweli ambayo ingeweza kuwaokoa wadogo wa marehemu na wanawe. Makala hii inahusu ukweli huo: kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo unaokuja mapema una mizizi katika nasaba, na kwamba nasaba hiyo haina kauli ya mwisho.

Kidonda kinachoanza ujanani

Damu hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri, na moyo wenyewe hulishwa na ateri nyembamba zinazouzunguka. Wengi wetu hufikiri kuwa ateri huziba kama bomba la maji linavyoota kutu kwa ndani. Si hivyo hasa. Ugonjwa huanza ndani ya ukuta wa mshipa. Utando laini wa ndani unapochubuliwa na presha ya juu, moshi wa sigara au sukari iliyozidi katika damu, chembe za mafuta zinazobeba lehemu, ambayo tumezoea kuiita kolesteroli, hupenya na kunasa ukutani. Seli za ulinzi za mwili huja kuzila, hulemewa, hufia humo humo, na mahali pale hujengeka uvimbe wa mafuta wenye gamba juu yake. Uvimbe huo unaweza kukaa miaka mingi bila maumivu yoyote. Siku gamba linapopasuka, damu huganda juu yake ndani ya dakika chache na njia hufungwa. Ikiwa ni ateri ya moyo, huo ndio mshtuko wa moyo. Ikiwa ni ya ubongo, hicho ndicho kiharusi.

Kwa hiyo kifo ni cha ghafla, lakini maradhi si ya ghafla. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza matokeo ya kuchunguza mioyo ya askari 300 waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na katika asilimia 77 ya mioyo hiyo ugonjwa wa ateri ulikuwa umekwisha kuonekana. Walikuwa vijana waliochaguliwa kwa siha yao, na hakuna aliyejijua kuwa mgonjwa. Anayesubiri miaka sitini ndipo aanze kuufikiria moyo wake amechelewa miaka arobaini.

Nasaba inasema nini

Sisi wa Ukerewe hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa urithi. Kisiwa chetu kina ndugu wengi wenye ualbino, na kila mmoja wetu amewahi kuona mtoto mwenye hali hiyo akizaliwa na wazazi wawili ambao hawanayo. Hapana laana hapo wala uchawi: kila mzazi alibeba jeni moja iliyonyamaza, na kwa mtoto mbili zikakutana. Jeni ndiyo maandishi tunayopewa nusu na baba na nusu na mama, na maandishi hayo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu.

Ugonjwa wa ateri hurithiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya jeni moja yenye kasoro nzito. Ini la mtu lina vipokeo vinavyoondoa lehemu mbaya katika damu. Wanasayansi wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi vipokeo hivyo vinavyofanya kazi na jinsi kasoro ya jeni inavyovipunguza. Takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300 duniani ana hali hii. Anaweza kuwa mwembamba, mcha Mungu na mla mboga, na bado lehemu yake ikawa juu tangu alipozaliwa. Wanaume wenye hali hii wasipotibiwa, karibu nusu yao hupata ugonjwa wa moyo kabla ya kutimiza miaka 50. Na mtoto akirithi kasoro hiyo kwa wazazi wote wawili, moyo wake unaweza kushikwa hata kabla hajabaleghe. Hili wazazi wanaoozesha ndugu kwa ndugu walijue, si kwa kuwa ndoa hiyo imekatazwa, bali ili watoto wapimwe mapema pale vifo vya mapema vinapojulikana katika ukoo.

Njia ya pili ndiyo ya wengi. Hapa hapana jeni moja yenye kosa kubwa. Zipo tofauti ndogo ndogo nyingi sana, kila moja ikisukuma kidogo: hii inapandisha presha, ile inanenepesha kiunoni, nyingine inafanya damu igande upesi. Mtu aliyekusanyikiwa na nyingi kati yake huwa na mzigo mkubwa kuliko jirani yake, ingawa hakuna hata moja ambayo peke yake ingemdhuru.

Urithi huonekana zaidi pale ugonjwa unapokuja mapema. Nchini Sweden walifuatiliwa pacha zaidi ya 21,000, na matokeo yakatangazwa mwaka 1994. Pacha mmoja wa kiume alipokufa kwa ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, hatari ya pacha mwenziwe wa kufanana kabisa ilikuwa mara nane ya kawaida. Kwa pacha wasiofanana ilikuwa karibu mara nne. Kadiri umri wa kifo ulivyosogea mbele, ndivyo tofauti hiyo ilivyopungua. Ndiyo maana daktari akikuuliza habari za wazazi wako, hatosheki na kujua walikufa kwa nini; anataka kujua walikuwa na umri gani. Baba au kaka aliyeshikwa na moyo kabla ya miaka 55, mama au dada aliyeshikwa kabla ya 65: hizo ndizo alama za hatari kwako.

Na urithi si balaa tupu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu watu weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Asilimia 2.6 kati yao walikuwa na badiliko katika jeni iitwayo PCSK9 ambalo liliwapunguzia lehemu mbaya kwa asilimia 28. Ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Si kwamba hawakuvuta sigara, wala si kwamba hawakuwa na presha. Wengi walikuwa nayo. Lililowakinga ni kuwa na lehemu ya chini tangu tumboni mwa mama zao. Kutokana na elimu hiyo zimetengenezwa dawa mpya zinazoiga badiliko lile.

Sehemu kubwa ya tafiti za jeni za moyo imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na hesabu zake hazitufai moja kwa moja. Ndiyo maana kazi ya AWI-Gen ina thamani kwetu. Hao walipima kwa mashine ya mawimbi ya sauti unene wa ukuta wa ateri ya shingo kwa watu wa miaka 40 hadi 60 katika nchi nne za Afrika, zikiwemo familia za mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Uchambuzi wa karibu watu 8,000 uliotangazwa mwaka 2022 ulibaini alama za urithi ambazo hazikuwa zimejulikana kwingine, na nyingine zilionekana kwa wanaume bila kuonekana kwa wanawake, au kinyume chake. Tunajifunza kwamba Mwafrika naye ana maandishi yake yanayostahili kusomwa.

Vinasaba ni vile vile, maradhi ni mapya

Hata hivyo, nasaba peke yake haiwezi kueleza tunayoyaona. Mwaka 1959 madaktari wawili wa Kampala, A. G. Shaper na K. W. Jones, waliandika kwamba ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa karibu haupo kabisa miongoni mwa Waafrika wa Uganda, huku ukiwa tatizo kubwa kwa Waasia wa nchi hiyo hiyo. Msomaji wa wakati ule angeweza kudhani kuwa damu ya Mwafrika ina kinga ya milele. Leo hakuna awezaye kusema hivyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, inazibua ateri za moyo za Watanzania wa kila kabila. Vinasaba vya jamii nzima havibadiliki katika vizazi viwili. Kilichobadilika ni maisha.

Ushahidi wa hilo umo katika Ziwa letu hili hili. Watafiti waliwafuata Wajaluo waliohama vijiji vya pwani ya kaskazini ya Ziwa Victoria kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika jijini, presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikula chumvi nyingi zaidi na madini ya potasiamu, yapatikanayo katika matunda na mboga, kidogo zaidi. Na uzito wao ulikuwa mkubwa. Watu wa asili moja na lugha moja, lakini vyungu tofauti.

Ushahidi wa pili watoka ziwa jingine, Ziwa Nyasa. Watafiti kutoka Italia, pamoja na wenzao, walilinganisha Wabantu wa makundi mawili ya wilaya ya Ludewa: wanavijiji wa ufukweni waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku, na wanavijiji wa milimani, upande wa Lugalawa, ambao chakula chao kilikuwa cha mimea. Katika matokeo ya mwaka 1996, wenye presha ya juu walikuwa asilimia 2.8 kwa walaji samaki na asilimia 16.4 kwa wale wa milimani. Lehemu ya walaji samaki nayo ilikuwa ya chini zaidi, ingawa ya makundi yote mawili haikuwa kubwa.

Jambo la kuzingatia zaidi lilifuata mwaka 1999. Ipo chembe ya mafuta katika damu iitwayo lipoproteini (a), ambayo ikizidi huharakisha kuziba kwa ateri. Kiasi chake huamuliwa kwa sehemu kubwa mno na jeni, na aghalabu huwa kikubwa zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Ukitaka mfano wa jambo "lililoandikwa katika damu", ndilo hilo. Lakini wavuvi wa Nyasa walikuwa nalo kidogo kuliko ndugu zao wa milimani, hata walipolinganishwa wale waliorithi proteini yenye ukubwa ule ule. Kulinganisha vijiji hakuthibitishi kila kitu, kwa maana mlima na ufuko hutofautiana kwa mengi. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba hata mahali nasaba inapotawala kwa nguvu, chakula kina sauti.

Tumeketi juu ya ziwa, tunakula nini?

Msomaji wa Nansio atasema: basi sisi tumeokoka, maana samaki tunao. Tujiulize kwanza samaki huyo anafikaje sahani. Sangara mnono hupelekwa viwandani Mwanza na kuvuka bahari. Sato anayebaki mara nyingi hukaangwa katika mafuta yaliyokwisha kutumika asubuhi, na jana, na juzi, mpaka yamekuwa meusi. Dagaa hutiwa chumvi, kisha mezani huongezwa chumvi mbichi kabla hata ya kuonjwa. Chai ya sukari vijiko vinne ni heshima ya mgeni. Na mwezi wa Ramadhani, mwezi ambao mwili ungepumzika, sinia la futari hujaa sambusa, bagia na vitumbua, kana kwamba tunalipa kisasi kwa tumbo lililofunga.

Miguu nayo imestaafu mapema. Njia ambayo baba zetu walikwenda kwa baiskeli au kwa miguu, kijana leo huipita kwa bodaboda. Sigara, tunayojidanganya kuwa si pombe na kwa hiyo ni nyepesi, huchubua utando wa ateri kila inapovutwa, na moshi wake hauchagui kati ya mvutaji na mkewe aliyekaa naye chumba kimoja.

Kubadilisha haya hakuhitaji fedha. Kwa kweli hupunguza matumizi. Samaki achemshwe, aungwe kwa nyanya, au achomwe. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yasirudishwe kikaangoni siku baada ya siku. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Machungwa ya Ukerewe, tunayoyauza kwa magunia, yaliwe pia nyumbani, na yaliwe yenyewe badala ya juisi yenye sukari. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki ni sawa na dakika ishirini na kitu kwa siku. Mwenye msikiti ulio mbali kidogo na nyumba yake anaweza kuzipata kwa kwenda na kurudi.

Je, juhudi hiyo humfaa mtu mwenye nasaba nzito? Hili liliulizwa katika utafiti mkubwa wa zaidi ya watu 55,000, uliotangazwa mwaka 2016. Waliangaliwa mambo manne: kutovuta sigara, kutokuwa na unene uliopindukia, kufanya mazoezi, na kula vizuri. Miongoni mwa wale waliorithi hatari kubwa kabisa, walioshika angalau matatu kati ya hayo walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyopungua kwa karibu nusu, wakilinganishwa na wenye nasaba kama yao ambao maisha yao hayakuwa mazuri. Wengi wa waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya, lakini jibu linakubaliana na tuliyoyaona Ludewa na kwa Wajaluo. Mwenye nasaba nzito ndiye anayefaidika zaidi kwa kujichunga.

Kisiwani, saa ni uhai

Mshtuko wa moyo hutibika vizuri zaidi katika saa za mwanzo. Lakini sisi tuko kisiwani. Hospitali ya wilaya tunayo hapa Nansio, na huko ndiko mgonjwa apelekwe mara moja. Lakini kufika Bugando kunahitaji meli ya kwenda Mwanza, au kivuko cha Rugezi kisha barabara ndefu, na Dar es Salaam ni mbali zaidi. Ziwa likichafuka usiku, hakuna nahodha wa kulaumiwa. Mtu wa mjini anaweza kujidanganya kwamba akizidiwa atakimbizwa. Wa Ukerewe hana hata udanganyifu huo. Kwetu sisi kinga ndiyo tiba iliyo karibu zaidi.

Na kinga huanza kwa kujua. Kifua kubana kama kimekandamizwa na jiwe, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho jembamba na pumzi kukatika: hayo si vidonda vya tumbo vya kunywea magadi, wala si jini la kusomewa kwanza na kupelekwa hospitali kesho. Dua isomwe njiani.

Presha ipimwe kila mwaka kwa kila aliyetimiza miaka thelathini, na mapema zaidi kwa aliyefiwa na mzazi kijana. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, hiyo ni presha ya juu, na dawa zake hazikatizwi kwa kuwa mtu anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiko hasa dawa inakofanya kazi. Atakayevuka kwenda Mwanza kwa shughuli zake, na ukoo wake una vifo vya mapema, aombe kupimwa lehemu na sukari. Zipo dawa za kushusha lehemu ambazo zimeokoa wengi wenye kasoro ya kurithi, na lishe peke yake kwao haitoshi.

Daftari la ukoo

Nimalizie kwa lile lililo gumu kuliko chumvi na mafuta. Tunaficha maradhi ya ukoo kwa kuogopa posa. Lakini tukumbuke kwamba ukoo usio na jeni hata moja ya hatari haupo duniani; ukoo unaochunguzwa leo na upande wa pili nao una yake. Kinachotofautiana ni kwamba wengine wanajua yao na wengine hawayajui. Binti aliyeolewa akijua kuwa babu na baba yake walikufa kwa moyo kabla ya miaka 50, na mumewe akajua, atawapikia wanawe kwa elimu na kuwapima mapema. Aliyefichwa ataolewa vizuri na kuwa mjane wa ndugu zake mapema.

Nashauri kila nyumba iwe na daftari. Yaandikwe majina ya babu, bibi, baba, mama, ami, shangazi, mjomba na khalati. Mbele ya kila jina, maradhi aliyokuwa nayo, na umri aliposhikwa au alipofariki. Si lazima lisomwe hadharani. Ni amana ya ndani, lakini kila mtoto anayebaleghe aonyeshwe. Katika kamati zetu za misikiti tunaandika tarehe za maziko, na sababu ya kifo tunaiacha wazi kwa staha. Staha hiyo ibaki mlangoni, isiingie mpaka chumbani kwa wafiwa, wanaohitaji kuijua kuliko watu wote.

Siku nyingine kijana wetu akianguka, na Mungu atuepushe, wazee wa nyumba hiyo wasinong'one jina la bibi kizee jirani. Wafungue daftari, wawahesabu wadogo zake marehemu, na asubuhi inayofuata wawapeleke kupimwa.

Wabillahi tawfiq.